Mlio Ndani ya Ukuta wa Marlys

Haya yalimpata jirani yangu, Marlys Kovala. Sikusimuliwa. Nilikuwepo, na nilisikia kwa masikio haya.

Ilikuwa Jumamosi ya kufunguliwa msimu wa kuwinda kulungu, mwezi wa Novemba. Huku kwetu kaskazini mwa Wisconsin siku hiyo ni sikukuu: watu wameingia msituni tangu alfajiri na makoti yao ya rangi ya chungwa ili waonane, na bunduki zinalia mbali, moja huku, moja kule. Mimi na Marlys tulikuwa jikoni kwake tunamenya viazi. Mumewe, Arvid, alikuwa amekwenda mjini kumchukua binti yao Janelle aliyekuja na basi. Jua limejaa dirishani, sisi tunamteta mke wa mchungaji na kofia yake mpya.

Kacha.

Marlys akaweka kisu chini. "Verna," akaninong'oneza, "umesikia?"

"Mbao hizo, shoga. Baridi inazikunja."

"Usiniambie maneno ya Arvid."

Sikumbishia, kwa sababu nilijua yaliyompata. Alipokuwa msichana, mdogo wake Russ aliichukua bunduki ya baba yao nyuma ya mlango, akaichezea. Marlys alikuwa chumba cha pili. Alisikia kwanza komeo la bunduki, kile kidude cha chuma, kinaingia mahali pake, kacha. Kisha mlipuko. Mtoto hakufika hospitali.

Ndiyo maana Arvid alipomposa, Marlys alimpa sharti moja tu: bunduki isilale chini ya paa lao. Arvid akaapa. Akamchukua kwa mashua hadi katikati ya ziwa, akaishika bunduki ya babu yake ndani ya mfuko wake wa ngozi, akaitupa mbele ya macho yake. Marlys aliliona povu likipanda. Miaka yote wanaume wakamcheka baa: "Arvid, mwaka huu kulungu utamchoma kwa uma?" Naye anacheka nao. Marlys alimpenda zaidi kwa kicheko kile.

Msimu ule wa vuli wezi waliingia kwa mzee mmoja mwisho wa barabara yetu, wakampiga hadi akapoteza jicho. Hakuna aliyelala vizuri tena. Polisi wa huku wakiitwa, unaweza kuchemsha kahawa ukainywa kabla hawajafika. Hata Marlys aliniambia, macho chini, "Mwenzangu, nimejichukia. Jana nilitamani tungekuwa na bunduki."

Baada ya hapo ndipo ukuta ulipoanza kulia.

Mlio ulikuja mchana, Marlys akiwa peke yake. Ukaja na harufu: mafuta ya kusafishia bunduki, makali, yenye utamu kama wa ndizi iliyoiva mno. Arvid akasema ni mbao. Janelle akasema kwenye simu, "Mama, umechoka tu." Mwishowe Arvid akampeleka kwa daktari, akaandikiwa vidonge vya kutuliza akili. Marlys akavimeza. Akaamini kwamba ni Russ amekuja kumdai kitu, au kwamba yeye mwenyewe anarukwa na akili. Hakujua lipi ni baya zaidi.

Kacha.

Safari hii hata mimi nywele zilisimama. Mlio ulitoka nyuma ya rafu ya stoo, kando ya jiko. Nikasogea. Nikanusa.

Ndizi.

"Lete nyundo," nikamwambia.

Tukaondoa chupa za matango ya siki. Tukasogeza rafu. Ubao mmoja wa ukuta ulikuwa na misumari mipya. Ukang'oka kirahisi, kama umezoea. Ndani kulikuwa na kitu kirefu, kimeviringishwa kwenye blanketi lililolowa mafuta. Marlys akalifungua yeye mwenyewe. Kwenye mti wa kitako cha bunduki palikuwa pamechongwa jina la babu yake Arvid.

Hakulia. Alikaa sakafuni, ameiweka mapajani.

"Sasa kule ziwani," akasema, "alitupa nini?"

Gari likaingia uani. Arvid akaja na kicheko na theluji viatuni, Janelle nyuma yake na begi. Kicheko kikamfia mdomoni.

"Ulitupa nini, Arvid?"

"Bomba," akasema taratibu. "Bomba la maji. Marlys, nilikuwa nakulinda."

"Dhidi ya nani?"

"Umeona yaliyompata mzee wa watu!"

"Ulinipeleka kwa daktari." Sauti yake ilikuwa ndogo mno. "Ulinishikia glasi ya maji nimeze vidonge. Na wewe unajua kilichomo ukutani."

Janelle akaanza kulia. "Mama, baba hakuwa na nia mbaya. Alinionyesha zamani, nilipokuwa shule, kwa ajili ya dharura tu..."

Marlys akamgeukia polepole. "Hata wewe, mwanangu?"

Hapo nilitamani nisingekuwepo.

Arvid akapiga magoti. "Lakini haiwezi kulia, mke wangu. Itazame. Nilitoa komeo lake tangu tulipooana, kwa kuogopa yale ya Russ. Liko bandani, limefungiwa kwa kufuli. Hiyo ni chuma na mti tu."

Tukaitazama. Kweli. Mahali pa komeo palikuwa patupu. Kidole changu kilipita ndani.



Ukuta ulikuwa wazi. Ulikuwa mtupu. Jua liliingia hadi ndani, tukaona vumbi na misumari.

Kacha.

Humo humo.

Janelle akapiga yowe. Arvid akarudi nyuma hadi akagonga jiko. Marlys peke yake hakushtuka. Alivaa koti, akasimama mbele ya lile tundu, akasema kama anayemwita mtoto aliyechelewa mezani, "Haya, twende." Akatoka. Alihamia kwa dada yake huko mji wa Duluth, na hajarudi. Arvid aliipeleka bunduki kwa polisi ikakatwa vipande. Anaishi mle peke yake. Janelle humpigia mama yake kila Jumapili. Simu hulia hadi inakatika.

Sikumwambia mtu lililofuata. Nami ninayo bunduki, ya marehemu mume wangu. Ni mjane, naishi mbali na watu, na sijaona sababu ya kuionea haya. Hukaa kabatini na risasi zake ndani, na ufunguo uko shingoni mwangu. Jumapili moja nilirudi kutoka kanisani saa sita mchana. Mlango ulikuwa umefungwa kama nilivyouacha, na theluji ya uani haikuwa na unyayo ila wangu. Kabati limefungwa.

Risasi zote zilikuwa kwenye kizingiti cha dirisha, zimesimamishwa kwa mstari, vichwa juu, kama mtoto anavyopanga vitu vyake vya kuchezea. Kioo nyuma yake kilikuwa kimeganda barafu.

Nikagusa ya kwanza. Ilikuwa na joto, kama imetoka sasa hivi kwenye kiganja cha mtu.