Kadi Iliyokwisha Muda

Kadi iliibwa asubuhi, nyumba ikiwa imefungwa kwa ndani, na katika kituo cha polisi cha Khouribga, Moroko, watu walicheka.

"Kadi ya nini?" aliuliza Konstebo Miloud, barakoa ikiwa kidevuni.

"Ya ukaazi wa kudumu, Italia."

"Na umesema imekwisha muda?"

"Ilikwisha mipaka ikiwa imefungwa, nami niko huku."

"Sasa mama, nani aibe takataka?"

Inspekta Ghizlane Rahmouni alisikia kicheko akiwa ofisini. Alitoka na glasi yake ya chai mkononi.

"Hebu cheka tena, Miloud. Cheka, nikupeleke Casablanca ukapange foleni ya ubalozi mdogo mwaka mzima, halafu uje uniambie kama ni takataka."

Miloud akapandisha barakoa.

Mlalamikaji aliitwa Rqia Mesnaoui, mjane. Alikuwa amekuja Moroko kwa wiki mbili tu, kumwuguza mama yake aliyepigwa na kiharusi. Korona ikaingia, mipaka ikafungwa, kadi ikamwishia mkononi. Kuihuisha, lazima uwe Italia. Kuingia Italia, lazima uwe na kadi iliyo hai. Aliyetunga upuuzi huo hajulikani, na kila aliyeulizwa alimwelekeza mama wa watu dirisha la pili. Mwishowe walimpa barua ya kurejea, lakini barua hiyo haina kazi bila kadi yenyewe, hiyo hiyo iliyokwisha muda.

"Meli inaondoka Tanja kesho," Rqia alisema. "Teksi inanichukua alasiri. Nikiikosa, nitakuwa nimekaa nje zaidi ya mwaka, na haki ya ukaazi ndiyo imekwenda."

"Una nani huko?"

"Mwanangu Anwar, ana miaka saba. Yuko Brescia kwa jirani. Watu wa ustawi wa jamii wamesema nisiporudi safari hii watampa familia nyingine." Sauti ikampanda. "Meno yake ya mbele yameng'oka yakaota mengine, afande, nami nayatazama kwenye simu! Kosa langu nini? Kuja kumwona mama yangu?"

Ghizlane alimwashiria Miloud wafuatane. Akaiacha chai.

Nyumba ilikuwa mtaa wa wachimbaji wa madini ya fosfeti. Mlango haukuvunjwa na madirisha yalikuwa na nondo. Sebuleni, sedari, makochi marefu yenye magodoro ya sufu, zilizunguka kuta tatu bila kuacha pengo, kutoka dirishani hadi mlangoni. Pembeni mwa dirisha alilala Lalla Yamna, mama yake Rqia, amefunikwa blanketi hadi kifuani. Upande wake wa kulia ulikuwa umekufa tangu kiharusi.

"Mkoba ulikuwa wapi?" Ghizlane aliuliza.

"Pale, mwisho wa sedari, karibu na mlango," alijibu Rqia. "Nilitoka kupeleka mkate tanuri la mtaa, nikausubiri uive. Kaka akanifungia mlango nyuma yangu. Niliporudi, mkoba upo, barua ipo, kadi hakuna."

Kaka yake, Bouchta, alisimama ameegemea ukuta. Machimbo yalikuwa yamekula vidole vyake viwili vya mkono wa kulia.

"Ulikuwa wapi dada yako alipotoka?"

"Uani. Natengeneza bomba."

"Na ndani?"

"Mama peke yake. Na mama hata kusimama hawezi, afande, kwa hiyo usianze."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo ni mimi. Si ndicho unachotaka kusema?"

"Sijasema."

"Mimi nasema!" Rqia alidakia. "Tangu nipate barua, hanijibu hata salamu!"

"Nikwambie nini? Safari njema? Wewe unapanda meli, mimi nabaki kumbeba mama msalani. Miaka yote hiyo ulikuwa unatutumia chokoleti!"

"Na dawa zake ananunua nani?"

"Dawa hazimgeuzi mtu kitandani, Rqia!"

"Nyamazeni wote wawili!" Ghizlane aliwaka. "Miloud, pekua."

Miloud alipekua kabati, debe la unga, mifuko ya koti la Bouchta, hadi nyuma ya bomba kule uani. Hakuambulia kitu. Rqia alikuwa akitazama saa, akitazama begi lake lililokwisha fungwa, akitazama saa tena.

Ghizlane alirudi sebuleni peke yake. Lalla Yamna alimfuata kwa macho.

"Hujambo, mama."

"Sijambo, binti yangu. Wamekupa chai?"

"Wamenipa ugomvi."

Bibi alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Ndipo Ghizlane alipoona vitambaa vya sedari. Nyumba ilikuwa safi, kila kitu kimenyooshwa, lakini vitambaa vilikuwa vimevutwa na kukunjamana kuta zote tatu, kutoka dirishani hadi mlangoni. Na kwenye mkono wa kanzu ya bibi kulikuwa na kinyuzi cha sufu. Akainama, akainua ukingo wa kitambaa. Godoro lilikuwa na mshono mpya wa uzi mweusi.

Akaita watu wote ndani.

"Bwana Bouchta, sufu ya magodoro mlifua lini?"

"Sufu? Na mvua hii? Itakauka lini? Sufu hufuliwa kiangazi, afande, kila mtu anajua."

"Basi godoro hili limefumuliwa na kushonwa na nani?"

Bouchta aliinama kutazama. Alipitisha kidole juu ya ule mshono, kisha akasimama mbele ya mama yake.

"Ni mimi," alisema.

"Wewe nini?"

"Mimi ndiye mwizi. Nitieni pingu, yaishe."

Rqia alimrukia. Ghizlane akaingia katikati, akapokea kofi lisilo lake begani, akamsukuma Rqia akae. Halafu akachukua kopo la sindano lililokuwa dirishani.

"Tia uzi," alimwambia Bouchta.

Bouchta alijaribu. Uzi ukapita kulia, ukapita kushoto. Akaulamba, akajaribu tena. Sindano ikamponyoka.

"Mshono huu umelalia upande ambao haulalii kwa watu wengi," Ghizlane alisema. "Aliyeshona ametumia mkono wa kushoto. Nani humu ndani amebakiwa na mkono wa kushoto tu?"

"Mama hawezi kutembea!" Bouchta alifoka. "Umerogwa wewe?"

"Hakutembea. Alijikokota juu ya sedari, kuta zote tatu, hadi kwenye mkoba, akarudi hivyo hivyo. Mguu wake haukugusa sakafu, na sindano aliichomeka godoroni ndipo akaitia uzi. Nawe umeuona mshono wake ukautambua. Kujitia hatiani kwa uongo ni kosa, unajua?"

Bouchta akafunika uso.

"Mwache mwanangu," Lalla Yamna alisema. "Nimeichukua mimi."

Rqia aligeuka polepole. "Mama?"

"Mimi."

"Mama, mwanangu wananinyang'anya! Unajua! Umenisikia nikilia kila siku humu humu!"

"Nimekusikia."

"Sasa kwa nini?"

"Nimezaa saba, nimezika watano," bibi alisema. Maneno yalimtoka mazito. "Wewe ulikuwa unakuja kila kiangazi, unakaa, unaondoka, nami nahesabu viangazi vilivyobaki. Ikaja korona. Watu wote walilia. Mimi nilishukuru, Mungu anisamehe. Kila walipotangaza mipaka imefungwa tena, mimi niliamka nina binti."

"Na mwanangu mimi aamke na nani?"

Lalla Yamna alinyoosha mkono wa kushoto, akaomba mkasi. Alikata mishono mmoja mmoja, akapenyeza vidole ndani ya sufu, akaitoa kadi. Rqia aliipokonya.

Miloud alikuwa ameshika kalamu. "Afande, tunafungua mashtaka?"

"Mashtaka gani? Sheria haimwadhibu mzazi aliyechukua mali ya mwanawe. Na tukiichukua kadi kuwa kielelezo, meli itaondoka bila yeye." Ghizlane alilirudisha kopo la sindano dirishani. "Tumepekua nyumba ya maskini hadi debe la unga. Hao waliomsukuma mtu dirisha hadi dirisha mwaka mzima, nani anawapekua? Funga daftari."

Nje, teksi ilipiga honi. Rqia akabeba begi, akapita mbele ya mama yake bila kumbusu kichwa kumuaga, akatoka. Bouchta alimwita mara moja tu. Bibi alibaki akitazama sufu iliyokuwa ikitoka godoroni, na sindano iliyokuwa sakafuni, ambako mkono wake haukufika.

Mlango ukafunguliwa tena. Rqia aliingia na viatu vyake vya safari, akaokota sindano sakafuni, akatia uzi, akapiga magoti.

Honi ikalia.

"Na asubiri!" alipiga kelele, machozi yakimtiririka ndani ya barakoa. "Utalala hivi hivi kwenye baridi, mama? Na tabia yako mbaya hiyo? Inua mkono!"

Lalla Yamna aliinua mkono. Rqia akashona hadi mwisho, akapiga fundo, akaukata uzi kwa meno.