Nzi Aliyefumuka Mtoni

Kila siku nikitoka shule nilikuwa na kazi tatu: kufua soksi zangu, kuwawekea kuku maji, na kukaa mezani kwa Shangazi bila kuelewa kitu. Kazi mbili za kwanza nilizimaliza upesi. Ile ya tatu ilichukua mpaka jua linainama, na nilitoka pale kichwa kikiwa kizito kuliko nilivyoingia.

Shangazi, dada mkubwa wa baba yangu, alikuwa fundi wa kufunga nzi. Sisemi nzi wale wanaotusumbua jikoni. Hawa ni nzi bandia: ndoana ndogo isiyozidi ukucha wa kidole cha mwisho, imevishwa manyoya na uzi mpaka inafanana na mdudu. Wavuvi wa mto wetu huwatumia kuvua trauti, samaki wa maji baridi mwenye madoadoa ubavuni, naye ni mjanja kuliko anavyoonekana. Kila mvuvi alijua kwamba nzi wa Shangazi hafumuki. Hata akitafunwa na samaki kumi, yuko palepale kwenye ndoana yake.

Meza yake ilikuwa dirishani. Juu yake kulikuwa na jiliwa dogo la chuma, lile linalobana ndoana isitikisike, na makopo ya manyoya ya shingo za majogoo, mkasi, wembe, chupa ya vanishi, na vigurudumu vya uzi mwembamba sana. Mimi nilikaa kulia kwake na jiliwa langu la kujifunzia. Mwanawe wa miaka tisa alikaa kushoto. Huyo tulimwita Kwanini, na ukikaa naye dakika mbili utajua sababu.

"Unashika uzi hivi," Shangazi alisema, miwani yake minene ikikaribia kugusa ndoana. "Unazungusha mara sita. Unalaza unyoya, unazungusha tena. Mwisho unapiga kitanzi, unakipitisha juu ya uzi mara nne, unavuta. Umeelewa?"

"Nimeelewa, Shangazi."

"Mimi sijaelewa," alisema Kwanini. "Kwa nini mara sita? Kwa nini si saba? Na hicho kitanzi kimepita wapi? Sikukiona."

Shangazi alivuta pumzi, akamrudishia somo zima tangu mwanzo. Mimi nilicheka moyoni, nikijiona mkubwa. Lakini ukweli ni kwamba sikuwa nimeelewa hata chembe. Vidole vya Shangazi vilikwenda mbio, vikapishana, vikapindana, na pale palipokuwa na ndoana tupu pakatokea mdudu. Isitoshe, mimi natumia mkono wa kushoto. Kila alichofanya yeye nilikigeuza kichwani ili kinifae, kisha nikakigeuza tena kwa wasiwasi, mpaka sikujua tena kipi ni kipi. Nzi wangu alipendeza kwa dakika moja, kisha uzi ukalegea shingoni na manyoya yakasimama kama nywele za mtu aliyetoka kuamka. Nilimpaka vanishi nyingi, nikamtia mfukoni haraka.

Kwa nini sikuuliza? Hapo ndipo penye kisa chenyewe, na kilianzia kwenye simu. Baba alikuwa dereva wa lori la safari ndefu. Alirudi nyumbani mara moja kwa mwezi, siku mbili tu, na siku hizo mbili alizigawa kati ya watu wote waliomhitaji. Mwezi ule, wiki mbili kabla hajarudi, alipiga simu.

"Nasikia Shangazi yako anakufundisha kufunga nzi," alisema. "Vipi, umeshajua?"

Nilitaka sana afurahi. "Nimeshajua, Baba."

"Hongera, mwanangu! Basi Jumamosi nikifika tunakwenda mtoni, mimi na wewe tu. Fimbo ya kuvulia yangu, nzi wako. Sitabeba nzi mwingine hata mmoja!" Kisha nikamsikia akimwambia utingo wake, "Unasikia hayo? Binti yangu huyo!"

Siku nzima na Baba, sisi wawili peke yetu, ilikuwa haijapata kutokea. Na Shangazi na Baba walizungumza kila Jumapili. Ningemwambia Shangazi kwamba sielewi, Baba angepata habari Jumapili hiyohiyo. Kwa hiyo niliendelea kusema nimeelewa, na kila nilivyosema ndivyo nilivyozidi kupotea.

Ijumaa kulizuka utata mwingine: nimfunge nzi gani? Shangazi alifungua kisanduku chake. "Maji yakiwa maangavu, chukua huyu mdogo. Maji yakichafuka, huyu mweusi. Kukiwa na jua, huyu, ila si wakati wote. Siku nyingine huyu wa kahawia anawapiku wote. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

Nilichagua mwekundu mwenye uzi unaong'aa, kwa sababu alikuwa mzuri.

"Mdudu gani wa mtoni ana mng'aro huo?" aliuliza Kwanini. "Umewahi kumwona?"

Nikamwambia aniache nifanye kazi. Hata hivyo maneno yake yalinikera, nikafunga na wawili wa kahawia ili nisikose. Wote watatu niliwalowesha kwa vanishi. Vanishi ilipokauka walishika, nami nikajifariji kwamba labda mambo yamejipa yenyewe.

Jumamosi asubuhi Baba alifika, akiwa bado ananuka dizeli. "Shikamoo, Baba." "Marahaba! Wako wapi nzi?" Hakutaka hata chai. Tulishika njia ya mtoni, yeye akipiga mluzi, mimi nikihesabu hatua na kuomba samaki wote wawe wamelala.

Mtoni Baba hakurusha mshipi mara moja. Alikunja suruali, akaingia majini, akanyanyua jiwe na kuligeuza. Chini yake kulikuwa na wadudu wadogo wa kahawia wakitambaa. "Tazama, hiki ndicho chakula chao leo," alisema. "Watu wengi huchagua nzi kwa macho yao wenyewe. Trauti hana haja na urembo, anakula anachokijua." Akamchukua mmoja wa wale wa kahawia, akamtazama vizuri, akatabasamu. "Huyu anafaa kabisa. Una jicho zuri, mwanangu." Sifa ile ilinichoma kuliko karipio.

Alirusha mara ya kwanza, ya pili. Mara ya tatu maji yalipasuka, mshipi ukakaza, na Baba akapiga ukelele. Halafu mshipi ukalegea. Alipouvuta, palikuwa na ndoana tupu na kipande cha uzi kikining'inia. Tulimfunga wa pili. Huyo hakungoja samaki. Maji peke yake yalimvua nguo. Mwekundu, kwa upande wake, alirushwa mara moja tu, na tukasimama tukiangalia unyoya wake ukielea kwenda zake.

Baba alinigeukia. Hakukasirika. Alikuwa amechanganyikiwa kama mimi, na hilo liliniumiza zaidi.

"Imekuwaje? Ulifunga kama Shangazi alivyokufundisha?"

"Ndiyo."

"Basi tatizo ni nini?"

Ulimi wangu ulitangulia kabla ya akili. "Labda ni uzi. Shangazi alifungua uzi mpya wiki hii. Nadhani ni mbovu."

"Ahaa!" Baba alishika kiuno. "Ndiyo maana! Na sisi tunajisumbua bure." Akakunja mshipi wake. Siku yetu iliishia pale, jua likiwa bado halijafika utosini.

Baba ni mtu mwema lakini neno halilali kinywani mwake. Tulipofika alipita moja kwa moja mpaka mezani kwa dada yake. "Dada, uzi wako huu mpya ni mbovu. Umemwaibisha mtoto. Nzi watatu wote wamefumuka."

Shangazi alivua miwani. Alichukua kile kigurudumu, akavuta kipande cha uzi kwa nguvu. Haukukatika. Akavuta tena. "Mkavu ni mzima," alisema polepole. "Pengine ukilowa ndipo unapoharibika. Mtoto hana sababu ya kunidanganya." Kisha akavuta kopo lenye nzi wote aliowafunga wiki ile kwa uzi ule, akachukua wembe, akamkata wa kwanza. Manyoya yakaanguka mezani.

"Mama! Kwa nini unawakata?" Kwanini alipiga kelele.

"Mvuvi akimfunga nzi wangu kwenye mshipi wake hamkagui. Ananiamini. Siwezi kumpa mtu kitu nisichokuwa na hakika nacho."

Akamkata wa pili, wa tatu, wa nne. Niliwajua wale nzi. Nilikuwa nimekaa kando yake akiwafunga, macho yakimtoka machozi kwa kuchoka. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nilijiambia atachoka, ataacha. Hakuacha. Alipoinua wembe baada ya kumkata wa saba, nilimshika mkono.

"Shangazi, acha! Uzi ni mzima. Ni mimi. Sijui kufunga nzi. Sijaelewa tangu siku ya kwanza."

Baba alinitazama kana kwamba mimi ni mgeni. "Lakini kwenye simu uliniambia..."

"Nilikudanganya, Baba. Nilitaka twende." Nikaanza kulia, kilio kile cha makamasi ambacho mtu hawezi kukifanya kwa heshima.

"Sasa kwa nini hukuuliza?" Kwanini alisema, na safari hii hakuna aliyemwambia anyamaze.

Nilingoja kofi la maneno. Badala yake Shangazi aliweka wembe chini, akavuta kiti chake mpaka kikagusana na changu. "Futa uso. Funga mmoja. Mimi sigusi, natazama tu."

Nilifunga. Shangazi alivaa miwani, akainamisha kichwa juu ya jiliwa langu kwa mara ya kwanza. Nilipofika kwenye kitanzi cha mwisho alipiga meza. "Simama hapo! Rudia." Nikarudia. "Ooh, mwanangu! Mwili wa nzi unauzungusha kuja kwako, kwa mkono wako wa kushoto. Sawa kabisa. Lakini kitanzi unakizungusha kwenda mbele, kama mimi. Kila mzunguko wa kitanzi unafungua mzunguko mmoja wa mwili. Unafunga na kufungua kwa mkono uleule!"

Baba alijizuia, akashindwa, akacheka mpaka akaegemea ukuta. Hata mimi nilicheka katikati ya machozi. Wiki mbili za ukungu, kumbe ni kidole kimoja kilichokwenda upande usio wake.

"Kitanzi nacho kije kwako," alisema Shangazi. "Hivi. Umeelewa?"

Lile jibu langu la kila siku lilikuwa limeshafika mdomoni. Nikalimeza. "Bado, Shangazi. Hapo uzi unapopita chini ya kitanzi sijaona."

Alinionyesha mara tatu. Kwanini aliuliza maswali matano mengine, na matatu kati ya hayo yalikuwa yangu, ila sikuwa nimejua namna ya kuyauliza.

Kesho yake asubuhi, kabla Baba hajaondoka, tulikwenda mtoni sote wanne. Nzi wangu wa kahawia alikuwa mnene upande mmoja na mkia wake umezidi. Baba alimrusha nusu saa bila kupata kitu, nami nikaanza kuchanganyikiwa upya. Halafu nyuma ya jiwe kubwa maji yalifunguka, mshipi ukakaza, na safari hii haukulegea. Baba alilowesha mikono, akamshika trauti mwenye urefu wa kiganja na nusu, akamtoa ndoana. Nzi alikuwa ametafunwa, amelowa, amechakaa. Alikuwa palepale.

"Dada," Baba alisema, "nisamehe. Uzi wako ni mzima."

"Uzi ulikuwa mzima tangu jana," Shangazi alijibu. "Mbovu ni mdomo wako, unaobeba maneno kabla ya kuyapima." Kisha akanigeukia mimi, na mzaha ukamtoka usoni. "Sikiliza, mwanangu. Kutojua si kosa. Sote tulianza hatujui. Kosa ni kuficha kutojua kwako mpaka lawama ikamwangukia asiyehusika. Wale nzi saba walikatwa kwa neno lako moja. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Na mimi pia nina langu: kila siku nilikuuliza kama umeelewa, sikukuambia hata siku moja, 'Nionyeshe.' Hilo nitalirekebisha. La kwako utalirekebisha wewe."

Akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa. Ndani mlikuwa na ndoana saba tupu, zile alizozivua manyoya kwa wembe. "Hizi utazivisha upya, moja baada ya nyingine. Mpaka nami nikubali kuziweka kwenye kopo langu."

Baba aliondoka saa sita mchana. Alasiri ileile niliketi mezani, nikabana ndoana ya kwanza kwenye jiliwa na kuanza kuzungusha uzi. Nzi yule alifumuka. Nilimtazama kidogo, nikaliacha jiliwa, nikaenda uani kumwita Shangazi.