Maswali Mlangoni pa Chumba cha Upasuaji

Ilikuwa Jumanne, tarehe tisa Juni. Asubuhi ile manyunyu hayakukatika. Fundi cherehani alitembea kando ya kitanda cha magurudumu, akiomba kimoyomoyo. Kitandani alilala mumewe, fundi mwashi. Alikuwa anakwenda kupasuliwa ngiri.

Mlangoni pa chumba cha upasuaji muuguzi aliwasimamisha. Alishika karatasi ya maswali.

"Baba, jina lako kamili?"

Mwashi akalitaja.

"Unapasuliwa upande gani?"

"Kulia, penye alama. Mngepaka na chokaa kabisa!"

Muuguzi akacheka, akaweka tiki. "Kuna dawa inayokudhuru?"

"Hakuna."

"Tangu jana usiku umekula au kunywa chochote?"

"Sijagusa kitu."

Mkewe akashindwa kuvumilia. "Sista, hayo mmeuliza wodini, mkauliza tena koridoni. Kwani hamwaminiani?"

"Hatuaminiani, mama. Binadamu husahau. Ndiyo maana tunauliza kwa sauti, wote tusikie. Kabla ya kisu, daktari naye atasimama, tuulizane tena. Mwishoni tutahesabu pamba na vifaa, kisije kikabaki kitu ndani ya mwili."

"Na kula kuna ubaya gani?"

"Akishalazwa kwa dawa ya usingizi, chakula kinaweza kupanda kikaingia kwenye mapafu. Anaweza asiamke."

Mke akageuka kumtazama mumewe. Alfajiri alikuwa amempa chai ya maziwa na mkate, kwa siri. Alimwonea huruma: mtu akatwe, na njaa juu? Sasa akisema, ataumbuka mbele za watu. Na zamu hii wameingojea miezi.

Kitanda kikaanza kusukumwa.

"Simameni! Amekunywa chai. Na mkate amekula. Nilimpa mimi."

"Mama watoto!" mwashi akang'aka. "Si tulikubaliana tusiseme?"

Daktari alitoka, akasikiliza. Hakugomba. "Basi leo hapana. Tutampasua kesho. Asante kwa kusema, mama."

Kesho yake mwashi alikaa na njaa, akilalamika kama mtoto. Maswali yakaulizwa yote, yakajibiwa kweli. Jioni alifumbua macho wodini.

"Chakula kiko wapi?" ndilo lilikuwa neno lake la kwanza.

Mkewe akapiga magoti, akamshukuru Mungu. Kisha akasimama. Wifi yake alikuwapo, muuguzi alikuwapo, na wagonjwa wote walikuwa wakimtazama.

"Nina jambo la kusema."

"Paza sauti," mwashi akamtania. "Nataka mashahidi."

"Nikiulizwa hospitalini, nitasema kweli, hata ikiniaibisha. Nanyi nyote mmenisikia."