Macho ya Hati ya Buckhorn

Sogeeni, wajukuu zangu, sogeeni mpaka magoti yagusane. Na wewe mwenye karanga, meza kwanza. Hadithi hii nitaisema kwa sauti ndogo, kwa sababu wenyewe bado wapo.

Wendell Hruby alikuwa jirani yangu hapa Toledo, mstaafu wa posta. Alikusanya hati za hisa za mashirika ya ndege yaliyokufa zamani, karatasi nzuri zenye picha kama noti. Kampuni ilipofuta hati iliitoboa, na wakusanyaji hulilia isiyo na tundu. Wendell alikuwa na moja ya Buckhorn, shirika ambalo hati zake nyingine hazikuonekana tena popote. Picha yake ni mtu mwenye mabawa, amekaa juu ya wingu. Matundu mawili yalikuwa yamempita machoni, sawasawa.

Wendell akaamua kuyaziba. Mkewe, Ardith, akamcheka: "Mzee, mimi nina meno matatu yenye matundu, hujawahi hata kuuliza."

Wendell akasaga karatasi kuukuu, akajaza matundu, akapaka rangi ya chai, kisha akamchora yule mtu macho kwa kalamu nyembamba kama unywele.

Jumapili ile kuku aliyempika Ardith alinuka mafuta ya eropleni. Jumatatu masikio ya Ardith yakaziba, akawa anameza mate kama mtu anayepaa. Jumanne mchana alishuka chumba cha chini kufua, akasikia nyuma ya ukuta pangaboi kubwa linazunguka, polepole, kisha kwa kasi, na alipopanda ngazi nyusi zake zilikuwa na barafu na midomo yake imekuwa ya buluu, na kila hatua aliyopiga jikoni mguu wake ulichelewa kugusa sakafu, kama kwamba kuna mtu amemshika makwapani na anajaribu uzito wake.

Wendell akakimbilia hati. Jina la mwenye hisa wa zamani halikuwapo. Palisomeka Ardith Hruby, na wino ulikuwa mbichi.

Akamwita Filomena Zdrojewski, bibi kizee aliyetoboa hati za Buckhorn ujana wake wote. Alikuja na chuma chake cha kutobolea ndani ya mkoba. Akaitazama ile hati, akakaa chini.

"Ni nani amempa macho?"

Wendell akaonyesha kalamu yake.

Filomena akaeleza kwamba zamani wenye hati walikutwa vitandani wameganda, mmoja baada ya mwingine, mpaka makarani walipoambiwa watoboe macho. Kutoboa tena kungemfunga yule mwenye mabawa. Lakini macho yatakayotoka safari hii yatakuwa ya mwenye jina.

"Ila nyuma kuna mahali pa kuhamisha hisa kwa jina jingine," akasema. "Unaweza kuchukua nafasi yake wewe, Wendell."

Ardith alikuwa amening'inia shubiri moja juu ya kiti, anatetemeka. Wendell akaigeuza hati. Nyuma palikuwa peupe, safi, hapajaguswa na kalamu miaka yote. Akapapasa kwa kidole.

"Wino utaiharibu," akasema kwa upole. "Toboa tu, mama. Mke wangu nitamwongoza."

Ardith alisikia. Masikio yalikuwa yameziba, lakini hilo alilisikia.

"Anayehamisha ni mwenye jina," akanong'ona. "Nipeni kalamu."

Akaandika Wendell Hruby, akatia sahihi, na miguu yake ikagusa sakafu. Filomena hakungoja. Alibana chuma mara mbili. Wendell alilia mara mbili.

Basi, mirathi iligawanyika hivi. Wendell alirithi giza, na kiti karibu na dirisha ambalo Ardith hakulifungua tena. Ardith alirithi nyumba, akaishi humo miaka kumi na tisa akipika vizuri, bila kumwambia mumewe kilichomo sahanini. Chuma cha Filomena kilikuja kwangu, kimo kabatini.

Na hati ilikwenda kwa Dwight, mpwa wa Ardith, mtu nadhifu sana. Jana alipita hapa kuniuliza ni gundi gani haiachi alama kwenye karatasi.