Pumzi ya Emiliana

Jumamosi asubuhi mzee Abraham alifungua stoo ya ukumbi wake hapo Utemini, mjini Singida, akakuta pampu ya umeme ya kujazia maputo haipo. Kufuli lilikuwa zima, na ufunguo ulining'inia pale pale nyuma ya mlango wa ukumbi ambapo kila mpambaji anapajua. Ukumbini maputo mekundu na meupe yalijaa hadi darini. Hiyo ilikuwa kazi ya Emiliana, ambaye siku zote hujisifu kwamba hutumia mdomo wake tu.

Koplo Winfrida alipofika kutoka kituo cha polisi, wa kwanza kumnyooshea Emiliana kidole alikuwa Gerald, mpambaji mwenzake.

“Afande, ukumbi mzima kwa mdomo? Mapafu gani hayo?”

Koplo alianza na Hosea, mlinzi wa ukumbi.

“Nilisinzia, afande. Hata ukumbi ungebebwa nisingejua.”

Koplo akamwacha. Mwizi hajitangazii usingizi namna hiyo.

Emiliana alikuja midomo imechanika, mashavu yamevimba.

“Pampu umechukua wewe?”

“Niifanyie nini? Nimekulia Nduguti, nikipuliza moto wa mabua ya mtama jikoni kwa mama. Pumzi ninayo!”

Alisema kwa maringo, na maringo hayo alikuwa ameyafanyia kazi. Ila moyoni aliogopa. Jina lake likichafuka leo, hakuna kamati ya harusi itakayomwita tena.

Puto moja likapasuka juu ya koplo. Vitone vya maji vikamrukia usoni. Akajifuta, akamgeukia Gerald.

“Na wewe, maputo ya kipaimara kwenye ukumbi wa jirani ulijazaje?”

“Kwa mdomo, afande. Mimi pampu sina. Ila yangu ni machache.”

Midomo yake ilikuwa laini, kama ya mtu aliyetoka likizo.

“Twende tukayaone.”

Machache yenyewe yalikuwa tao zima, kutoka mlangoni hadi jukwaani. Koplo alichomoa pini ya nywele, akatoboa matatu, akapitisha kidole ndani ya kila mpira. Pakavu kabisa.

“Pumzi ya mtu ina maji, Gerald. Puto la Emiliana limeniosha uso. Haya yako yamejazwa na mashine. Pampu iko wapi?”

Macho ya Gerald yakakimbilia nyuma ya spika. Pampu ilikuwa hapo, imefunikwa kitambaa.

“Kwa nini umsingizie mwenzako?”

“Jana nilipuliza kidogo tu, nikaanguka kwa kizunguzungu mbele ya wateja. Wakacheka, wakasema bora wangemchukua Emiliana. Nikajua pampu ikikosekana, yeye ndiye atakayeshukiwa.”

Waliporudi, mzee Abraham aliona aibu.

“Nisamehe, mwanangu. Umechoka, leo itumie pampu yangu bure.”

Emiliana alichukua puto jekundu la kujazia pengo. Akavuta pumzi, akapuliza huku wote wakimtazama, Gerald akiwa mbele kabisa, mkono wake umeshikwa na koplo. Puto likavimba, likakaza, akalifunga fundo na kulipachika mahali pake.

“Asante, mzee wangu. Hiyo mwazime Gerald.”