Kati ya Unyayo na Unyayo

Magharibi, mvua ikiwa imekatika punde, Marva alichungulia dirishani akapaza sauti.

"Jovelle! Nichumie majani ya kitoweo hapo uani, urudi upesi."

Binti aliitika. Ng'ambo ya ua jirani yao, Tanti Ivaline, akanuna.

"Marva, nikwambie mara ngapi? Jina la mtoto haliitwi nje kiza kikiingia. Duen watalidaka."

"Tanti nawe na duen wako."

"Haya, cheka. Vitoto vilivyokufa bila ubatizo, nyayo zimeelekea nyuma, vinatafuta wa kucheza naye. Vikishajua jina, basi."

Marva alicheka kweli. Alikuwa na kazi ya watu kwenye kompyuta, katuni ya msichana anayetembea, na mwendo wenyewe aliuiga kwa bintiye. Hata katuni aliipa jina la Jovelle. Kazi hiyo ameizoea: yeye huweka mikao mikuu, mguu mbele, mguu nyuma, kisha kompyuta hujaza mwendo wa katikati.

Ila jioni hiyo, hapo katikati, nyayo za katuni ziligeuka. Visigino mbele. Vidole nyuma.

"Umeanza kiburi," aliiambia mashine. Hakushtuka, maana kompyuta ikizungusha kifundo cha mguu huweza kushika njia ndefu, ikaupindua unyayo. Akaongeza mkao mmoja kuibana. Kosa likahamia kwenye upenyo uliobaki kati ya mikao. Akaongeza mwingine, likahama tena... na safari hii kichwa nacho kiligeuka, kikamtazama.

Hofu ilimwingia. Akaweka mkao kwenye kila picha, hadi kompyuta ikakosa pa kujaza. Akaichezesha. Msichana akatembea vizuri tu, na Marva akashusha pumzi.

Kisha akasikia kimya. Hata vyura walikuwa wamenyamaza. Harufu ya tope bichi na majani yaliyooza ilijaa chumbani.

Jovelle alikuwa hajarudi.

Alitoka mbio. Kwenye tope palikuwa na nyayo ndogo, kutoka kwenye mikakao ya nyuma hadi uani, vidole vikielekea nyumbani. Kumbe ameingia, alijisemea, Mungu ashukuriwe. Akatazama jikoni, chumbani, uvunguni mwa kitanda. Hakuna mtu.

Tanti alikuja na tochi, akainama uani muda mrefu.

"Hizi ni za watoto wawili," alinong'ona. "Na hawakuja hawa, Marva. Wamekwenda."

Marva alizijua nyayo za Jovelle, kidole gumba cha kushoto kimepinda. Zilianzia kwenye majani ya kitoweo, zikaelekea mikakao. Moja. Mbili. Ya tatu ilielekeza vidole nyumbani, na zilizofuata zote hivyohivyo, huku hatua zikizidi kwenda kulekule kwenye mikakao. Kati ya unyayo wa pili na wa tatu hapakuwa na alama ya mtu kugeuka. Tope lilikuwa laini, halijaguswa.

Marva alifungua kinywa amwite mwanawe. Kiganja cha Tanti kikamziba.

"Usilitaje. Ndilo wanalolingoja."

Machozi yalimtiririka juu ya vidole vya Tanti. Wakasikiliza. Kitu kilikanyaga majani makavu... kikasimama.

"Mama... uliniita?"

Ilikuwa sauti ya Jovelle. Ilitoka pande tatu za giza kwa pamoja, na Marva, aliyemzaa, hakujua aende kwa yupi.