Gogo Lililokataa Kuzama

Umi, muuguzi wa Kilwa Kivinje, alirudi kutoka zamu miguu ikimwaka moto. Kabla hata ya kuvua viatu alimgeuza mama yake kitandani. Bi Moza alikuwa amepigwa na kiharusi. Mwili umelala, sauti imebaki mnong'ono. Furaha yake ilikuwa moja tu: tangi la kioo lenye samaki wekundu, mkabala na kitanda.

Siku hizo kaka mtu, Bashiru, alikuwa ameleta gogo dogo aliloliokota ufukoni Somanga, limelainishwa na bahari likawa kama mfupa. Samaki wapate pa kujificha, mama apate cha kutazama. Walilichemsha, wakaliloweka mpaka likaacha kutoa maji ya rangi ya chai. Bado lilielea.

"Usilibane kwenye kioo," Bashiru alimwonya dada yake. "Mti ukivimba kioo kinapasuka, maji yote yanammwagikia mama."

Akatoboa jiwe bapa, akalikaza gogo juu yake kwa skrubu isiyoshika kutu. Wakalilaza jiwe kwenye sakafu ya tangi, wakalifukia kwa mchanga. Likatulia.

Kesho yake mchana Umi alikuta gogo linaelea. Skrubu ilikuwa juu ya mchanga, nzima. Imefunguliwa.

Alikuwa amechoka mno, hata kushangaa hakuweza. Akachukua mshipi wa kuvulia, akalifunga gogo na jiwe, fundo juu ya fundo, akaenda kazini.

Aliporudi, gogo lilikuwa juu tena. Mshipi ulikuwa umekunjwa vizuri, umewekwa kwenye mto, karibu na shavu la mama yake. Ulikuwa unachuruzika maji.

"Mama, nani kaingia humu?"

"Hakuna." Bi Moza hakuondoa macho kwenye tangi. "Hataki kukandamizwa. Mwache."

"Nani hataki?"

Mama aliendelea kulitazama gogo.

Umi hakuwa na nguvu za kubishana. Alileta jiwe zito kutoka uani, akalikandamiza gogo. Lilishuka polepole. Akaketi, akafumba macho.

Ndipo aliposikia pumzi.

Mama yake alikuwa akikoroma. Kifua kilikuwa kimebonyea, kama kimekaliwa na mtu. Samaki wote walikuwa wamejibanza kona moja, wanamtazama Umi.

Umi aliingiza mkono. Akatoa jiwe. Gogo likapanda. Kifua cha mama kikapanda nalo.

Hakungoja tena. Alimwita Bashiru akae na mama, akalifunga gogo kwenye kanga, akashuka nalo hadi kwenye mikoko. Akalirusha majini. Gogo lile lililokataa skrubu na mshipi lilizama kama chuma, bila hata povu.

Aliporudi, Bashiru alikuwa amekaa mlangoni.

"Amelala," alinong'ona. "Hajatikisika."

Kweli Bi Moza alikuwa amelala, anapumua vizuri, uso umetulia. Umi alivuta shuka amfunike miguu.

Nyayo zote mbili zilikuwa zimejaa tope jeusi la mikoko. Bichi. Limepanda mpaka vifundoni.

Umi aliziosha kimya kimya; mtu aliyechoka hufanya kazi iliyo mbele yake. Bi Moza yu hai mpaka leo, na hajainuka kitandani. Lakini kila maji yanapokupwa na tope la mikoko kubaki wazi, Umi huandaa beseni na kitambaa kabla ya kufunua shuka.